Nilinunua sensa ya umbali, nikahesabiwa mimi

"Wewe ni mnunuzi, si mteja."

Naanza na sentensi hiyo kwa sababu imenikwama kooni kama mwiba wa samaki, na kila nikikaa niandike tathmini ya maana kuhusu hii chipu mpya ya kupimia umbali, inanirudia. Aliyeniandikia ni mtu wa huduma kwa wateja. Someni tena hapo: huduma kwa wateja. Mtu aliyewekwa kuwahudumia wateja ndiye aliyenitoa kwenye daftari la wateja, tena kwa adabu zote, na mwishoni akanitakia siku njema.

Nirudi nyuma kidogo, msije mkadhani nimeamka vibaya.

Nina bomba pana la plastiki, refu kuliko mimi, linalojazwa chakula cha kuku kwa juu. Kuku wanakula kwa chini. Ubaya wa bomba ni kwamba huoni kilichobaki ndani. Unagonga ubavuni, unasikiliza, unajidanganya kwamba bado kiko nusu, kesho yake unaamshwa na makelele. Nikasema naweka sensa juu kwenye kifuniko, iangalie chini, inipe namba. (Nasema sensa kwa sababu ndivyo tunavyoiita sisi mafundi wa mezani, anayependa kusema kihisi na aseme. Ila neno hili lina maana yake nyingine, ile ya kuhesabu watu, na mtaona mbele lilivyonilipiza.)

Nilianza na ile ya sauti, HC-SR04, yenye macho mawili kama bundi. Siitukani, ni kifaa cha kiungwana. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 20, kwa hiyo kila sentimita moja, kwenda na kurudi, ni kama mikrosekunde 58. Unaishtua kwa mikrosekunde 10, unahesabu muda wa mwangwi, unagawanya kwa 58, umemaliza. Maelezo yake yote yanaenea kwenye kiganja cha mkono, na hakuna aliyewahi kuniuliza natoka kampuni gani kabla ya kunifundisha kugawanya. Kilichoniangusha ni bomba. Sauti inatawanyika, inagonga kuta, inarudi kabla haijafika kwenye chakula. Siku nzima nilikuwa napimiwa kiungo cha bomba nikidhani ni pumba.

Ndipo nikasikia habari za hizi za mwanga. Ndiyo kwanza zimetoka, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Inarusha leza isiyoonekana, ya nanomita 940, halafu inahesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, zinazorudi, moja moja. Hebu fikirini: mwanga kwenda mita moja na kurudi ni kama nanosekunde 6.7. Ukitaka kutofautisha milimita na milimita, unazungumzia pikosekunde, ambazo elfu moja ndiyo nanosekunde moja. Na kazi hiyo inafanywa na kitu ambacho ukipiga chafya karibu yake unakitafuta sakafuni. Nakiri nilishikwa na tamaa. Nilinunua sita kwa mpigo: moja ya bomba, moja ya kuunguza kwa makosa, maana najijua, na nne za mambo ambayo sikuwa nimeyafikiria bado.

Kununua kulikuwa kwepesi ajabu. Hakuna aliyeniuliza nazitaka za nini, wala mimi ni nani. Pesa ikapokelewa kama mgeni wa heshima. Hilo mliweke akilini.

Zilipofika nikafungua waraka wake. Ningeuita datashiti, yaani karatasi ya maelezo ya kiufundi, ila sina hakika kama unastahili jina hilo. Kurasa chache. Ya kwanza ni picha ya chipu iliyokuzwa, inang'aa kama pete mpya. Inayofuata ni sifa tupu: sahihi, ndogo, inatumia umeme kidogo, inafaa roboti, simu, mabomba ya maji na vyoo vinavyojimwagia vyenyewe. Kisha vipimo na pini, kisha jedwali ambalo nusu ya visanduku vyake vimeandikwa "itatajwa baadaye". Umbali wa mbali kabisa, ule uliopigiwa debe, chini yake pana maandishi ya kusomwa na siafu: kwenye ubao mweupe, gizani. Sawa, kila mtengenezaji hufanya hivyo na nimezoea. Ila pale ambapo mtu mzima angetarajia orodha ya rejista, yaani zile namba za kuandika ndani ya chipu ili ifanye unachotaka, pana sentensi moja tu: kwa maelezo ya matumizi, rejelea mwongozo wa mtumiaji. Mwongozo una kiungo chake. Ukikibofya, unaombwa ufungue akaunti.

Nikafungua. Hapo ndipo sensa ilipogeuka maana.

Jina. Kampuni. Cheo. Barua pepe, na niliyoiweka ikakataliwa kwa maandishi mekundu: tumia barua pepe ya kampuni. Kampuni yangu ni meza, taa na kiti kinachoyumba. Sekta gani? Kuku hawakuwemo. Mradi uko hatua gani? Uzalishaji unaanza robo gani ya mwaka? Unafikiria kutumia bidhaa ya nani nyingine badala ya hii? Na mwisho kabisa, kisanduku kilichonimaliza: idadi ya vipande kwa mwaka. Mimi nilitaka sensa ipime bomba, wao wakanifanyia sensa mimi. Ilibaki kuulizwa nililala wapi usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa.

Kwenye idadi nikaandika ukweli: 6.

Nina rafiki fundi ambaye kwenye fomu kama hizo huandika laki moja, kila mara, na mlango hufunguka. Alinicheka sana. Labda ana haki. Lakini sikuona kwa nini nianze urafiki na chipu kwa uongo.

Majibu yalichukua siku kadhaa, au wiki, sikumbuki vizuri, nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kwa hasira badala ya kalenda. La kwanza lilikuwa la mashine: ombi limepokelewa. La pili lilisema kwa kiwango changu cha matumizi niwasiliane na msambazaji. Msambazaji akasema yeye anauza tu, ya kiufundi ni ya mtengenezaji. Mtengenezaji akanirudisha kwa msambazaji. Danadana ilichezwa kwa ustadi mkubwa, na mpira nilikuwa mimi. Mwishowe nikaandika kwa ukali kidogo. Nikasema: chipu zenu sita ninazo mezani, pesa yangu mnayo, ninachoomba ni kurasa za kunionyesha namna ya kuzitumia, mimi ni mteja wenu. Ndipo likaja. Nyaraka hizo ni kwa wateja waliosajiliwa na kusaini mkataba wa kutunza siri. Wewe ni mnunuzi, si mteja. Tunakutakia siku njema.

Nimejaribu kuielewa tofauti hiyo kwa kuipeleka kwenye viatu. Ukilipia viatu, wewe ni mnunuzi. Ukionyeshwa namna ya kufunga kamba, hapo ndipo umekuwa mteja. Kabla ya hapo tembea hivyo hivyo, ukianguka ni lako.

Najua watetezi wao watasema nini. Watasema leza ni leza. Ili iwe ya Daraja la 1 kwenye IEC 60825-1, kiwango cha kimataifa cha usalama wa leza, haitakiwi kudhuru jicho katika matumizi ya kawaida, na wakimwachia kila mtu rejista zote, atatokea mmoja wa kuongeza nguvu ya mwanga na kuumiza watu. Hoja nzuri hiyo. Niliikubali kwa dakika tano nzima. Halafu nikajiuliza: si mfiche hizo za nguvu ya leza peke yake? Namna ya kusawazisha kipimo nyuma ya kifuniko cha plastiki inamtoboa nani jicho? Watasema pia wanaogopa washindani. Mshindani ana maabara. Atainunua kama nilivyoinunua mimi, ataibandua tabaka kwa tabaka, ataipiga picha mpaka kwenye mfupa. Anayebaki nje ya mlango ni mwenye kuku.

Basi nikaingia kwa mlango wa uani. Mtengenezaji anatoa laibrari, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa kwa lugha ya C wa kuiendeshea chipu, bure, bila kumhesabu mtu. Sifa hiyo nawapa. Lakini kuna kutoa na kutoa. Laibrari inapoiamsha chipu inaandika mlolongo wa namba: 0x01 kwenye 0xFF, 0x00 kwenye 0x80, na kuendelea hivyo makumi ya mistari, bila neno moja la kueleza. Ni kama maneno ya mganga: tamka hivi, usiulize. Ukiruka mstari mmoja chipu inalala. Ukiurudisha inaamka. Kwa nini? Hujasajiliwa.

Anwani peke yake, ile namba ya kuiitia chipu, ilinila jioni nzima. I2C, ile njia ya nyaya mbili iliyobuniwa Philips mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kawaida inatumia anwani ya biti 7. Biti ya nane ni ya kusema unasoma au unaandika. Waraka wao umeijumuisha hiyo ya nane kimya kimya, kwa hiyo anwani iliyochapishwa ni mara mbili ya ile inayotakiwa na bodi yangu, ile kompyuta ndogo inayoongea na chipu. Naita, kimya. Naita tena, kimya. Nikabadilisha nyaya, nikabadilisha bodi, nikamsingizia aliyeuza nyaya. Mwisho nikaigawa kwa mbili, si kwa akili, kwa hasira tu, ikaitika. Wewe unayesoma hapa ukiwa na chipu ya aina yoyote isiyoitika, gawa kwa mbili kabla hujarusha kitu ukutani.

Kilichoniokoa zaidi ni faili dogo ndani ya hiyo laibrari, lile lenye majina ya rejista. Maelezo hayamo, ila aliyeyaandika majina alikuwa mtu mwenye utu, kayaandika marefu, na jina refu linasema mambo. Nikayalinganisha na waraka wa chipu kongwe ya ukoo huo huo, ambao uko wazi, na nusu ya maneno ya mganga yakaanza kueleweka. Humo ndimo nilimogundua kwamba hii mpya inaweza kubanwa uwanja wake wa kuona, itazame katikati tu isiguse kuta. Kwa mtu mwenye bomba hiyo ni habari ya kupigia vigelegele. Kwenye zile kurasa za sifa hawakuitaja! Vyoo wametaja.

Ikaanza kupima. Na hapa ndipo nilipokaribia kuivunja.

Sentimita nne. Bomba tupu, sentimita nne. Bomba nusu, sentimita nne na kitu. Nikaielekeza darini: tano. Nikaiwekea kamera ya mbele ya simu, maana baadhi ya kamera hizo huona mwanga ambao macho yetu hayauoni, na kweli nikaona kidoa cha zambarau kikipepesa. Leza iko hai, basi. Shida nini?

Nilikuwa nimeiweka nyuma ya kipande cha plastiki angavu, kuikinga na vumbi la pumba, na hilo nikalifanya mshukiwa namba moja. Mwanga unapotoka, sehemu yake hugonga plastiki na kurudi papo hapo kwenye jicho la kupokea kabla haujaenda popote. Chipu inachanganya fotoni hizo na zile chache zilizofika kwenye chakula, inatoa jibu linaloelemea karibu. Dawa yake inajulikana kwa mtu yeyote aliyeshika vitu hivi: unaweka shabaha ya rangi fulani kwa umbali fulani, unaiamuru chipu ijipime, inakupa namba ya kupunguza, unaihifadhi. Rangi gani? Umbali upi? Amri ipi? Rejelea mwongozo wa mtumiaji.

Nilikuwa nimepanga kuipa nyota mbili. Usiku huo nikaandika rasimu yenye nyota moja na maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasoma.

Muda ukapita. Tiketi yangu, yaani ule uzi wa barua zangu na huduma kwa wateja, nilikuwa sijaifunga, na kila nikipata nafasi naongeza mstari wa malalamiko, kama mtu anayetia kuni kwenye moto wake mwenyewe. Siku moja akajibu mtu mwingine. Hakuwa na salamu ndefu. Maswali mawili tu: pengo kati ya chipu na plastiki ni kiasi gani? Na je, umebandua filamu?

Filamu ipi?

Nikaichukua, nikaiweka chini ya lenzi. Juu ya matundu yake mawili kulikuwa na kijikaratasi cha plastiki, cha manjano kama asali, chenye kisikio pembeni cha kukishika. Kazi yake ni kuzuia vumbi na uchafu wakati chipu inachomelewa kiwandani, ukimaliza, unakibandua. Nilikuwa nimekiona tangu siku ya kwanza, nikadhani ndiyo kioo chake. Nikakivuta kwa kibanio. Bila kifuniko, nikaielekeza tena darini. Mia na sabini na moja. Utepe wa kupimia ukasema mia na sabini na mbili.

Jamani.

Nusu ya ghadhabu yangu yote, zile barua, zile usiku, ilikuwa imebandikwa kwenye kijikaratasi cha manjano. Nilifuta rasimu. Nikaandika samahani, nikaituma. Nikawapa nyota nne, kwa moyo mkunjufu, na zilidumu kama dakika kumi. Kisha nikaenda kutafuta: filamu hiyo imetajwa wapi? Kwenye ule waraka wao, hakuna. Kwenye picha inayong'aa, chipu iko uchi kabisa. Nikamuuliza yule bwana. Akanijibu, na nahisi alijibu akiwa ameinamisha kichwa: imetajwa kwenye mwongozo wa mtumiaji.

Kwa hiyo kosa ni langu au lao? Mimi nilipaswa kutumia macho. Wao walipaswa kutumia mstari mmoja. Siku nikiwa nimeshiba usingizi nasema ni langu. Leo sijalala vizuri.

Ila yule bwana wa pili nitamtaja hata kama jina lake silitaji. Waraka hakunitumia, hana ruhusa, na sikumsukuma. Alichofanya ni kukaa na kuniandikia kwa maneno yake mwenyewe, aya mbili, kama fundi anavyomwelekeza fundi. Plastiki isogezwe karibu kabisa na chipu, pengo likiwa kubwa mwanga unazurura humo ndani. Kati ya jicho la kurusha na la kupokea pazibwe na kitu cheusi laini kisichopitisha mwanga. Shabaha ya kusawazishia iwe ya kijivu, si nyeupe, na kazi ifanywe mbali na jua. Namba ikipatikana ihifadhiwe kwenye bodi, kwa sababu chipu ikizimwa inasahau kila kitu, hata anwani uliyoibadilisha. Na akanitajia majina matatu ya kutafuta ndani ya lile faili la majina, ambalo liko wazi, kwa hiyo hakuvunja siri ya mtu. Aya mbili! Nilichokitafuta kwa muda wote huo kilikuwa na urefu wa aya mbili.

Nikafanya hivyo. Sasa bomba linasoma, kifuniko kikiwepo, kwa tofauti ya sentimita moja au mbili, na kwa shughuli za kuku hiyo ni anasa. Ina kasoro moja: chakula kikishuka na kuacha shimo la katikati kama kreta, inapima shimo. Hilo si la chipu, ni la pumba.

Kesho yake nikapata ujumbe kwamba tiketi imefungwa. Hakuifunga yeye. Lilikuwa jina la yule wa kwanza, wa mnunuzi na mteja. Hali: imetatuliwa. Ombi la mwongozo: limekataliwa, sababu, idadi ya vipande. Imetatuliwa na imekataliwa, mistari miwili, ukurasa mmoja, na chini yake nyuso tano za kuchekacheka nichague jinsi nilivyoridhika.

Mniulize sasa kama naishauri. Chipu yenyewe, ndiyo, na inaniudhi kusema ndiyo. Ni kitu kizuri mno. Maelezo yake, hapana; kama una chipu kongwe ya ukoo huo yenye waraka ulio wazi na haikusumbui, baki nayo, usitamani. Kama una bomba jembamba, basi nunua hii mpya, maana ile kongwe itakupimia kuta. Kabla hujalipa, fungua waraka uangalie kama rejista zimo. Zikiwa hazimo, angalia kama laibrari ina lile faili la majina. Na bandua filamu. Nyota nilitaka kutoa tatu, nikashusha mpaka mbili nikiwa naandika aya ya tiketi, na sasa nimekumbuka ile mia na sabini na moja nataka kupandisha tena. Nimeziacha tatu, zisomeke kwa mashaka.

Mojawapo ya zile sita imeungua, kama nilivyotabiri. Jana nimeagiza mbili nyingine, kwa sababu jirani ameliona bomba. Nikarudi kwenye ile fomu, barua pepe ile ile, kampuni ile ile ya meza na kiti. Kwenye idadi ya vipande kwa mwaka nimeandika 8.